Umesaini nini kuhusu picha za mwanao?

Haya niliyazungumza na wazazi hapa Kibokoni baada ya Isha. Nimeyaandika kwa ajili yako wewe uliyekosa kuja, au uliyekuja ukakaa nyuma ukasikia bodaboda tu.

Nianze na la nyumbani kwetu. Mpwa wangu yuko gredi ya 3. Mwalimu alimrekodi kwa simu akisoma mbele ya darasa. Mtoto ana kigugumizi, na siku hiyo kilimzidi. Video ikatiwa kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, chini imeandikwa wazazi tusaidie nyumbani. Sidhani mwalimu alikuwa na nia mbaya. Lakini kufika Maghrib vijana wanaiangalia barazani, wanamuigiza. Siku tatu mtoto alikataa shule. Mpaka leo akiambiwa asome, kwanza atazama nani ameshika simu.

Usinielewe vibaya, sisemi teknolojia itolewe darasani. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti katika shule za msingi za umma, masomo yakiwa yameshawekwa ndani, mtoto asome hata bila intaneti. Ni jambo zuri. Sasa kuna shule zilizozifungia kabatini kwa kuogopa wezi, na simu ya mwalimu ndiyo ikawa kifaa cha darasa. Simu hiyo hiyo ina picha za harusi ya dadake, ina TikTok, na ina sura za watoto wetu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, yasema taarifa za mtoto zisitumiwe mpaka mzazi au mlezi akubali, tena kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Picha inayomtambulisha ni taarifa yake. Sauti pia. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza mwanafunzi kudhalilishwa, si kwa kiboko tu, hata kisaikolojia.

Utaniambia, "Lakini mimi nilisaini fomu." Uliisoma? Fomu nilizoziona mimi zina mstari mmoja tu, kwamba umekubali picha. Unasaini umesimama dirishani, karo mkononi, foleni nyuma yako. Itake shule ikutenganishie mambo matatu: kazi ya darasani, grupu la wazazi, na ukurasa wa shule unaoonekana na dunia nzima. Una haki ya kukubali moja ukakataa mengine, na ukikubali leo unaweza kuondoa idhini kesho.

Anza na mwalimu mkuu, kwa adabu. Wengi hawaijui sheria hii, wakielezwa wanaelewa. Akikataa kabisa, mlalamikie Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuchunguza na kumaliza malalamiko.

Na sisi je? Ile video haikutoka grupuni kwa miguu yake. Mzazi mwenzetu aliituma mbele. Sisi ndio siku ya mtoto kuhitimu madrasa tunaoweka jina kamili, shule na mtaa, kisha tunaacha ukurasa wazi.

Mwalimu nilimfuata. Aliifuta mbele yangu, akaomba radhi, na tangu hapo hupiga picha daftari badala ya uso. Simu za wazazi wengine sikuweza kuzifuata zote.

Jumatatu ukimpeleka mtoto, omba uoneshwe fomu uliyosaini. Ikiwa shule haina, tuandikie hapa inboksi tukupe nakala ya ile tuliyoiandaa na wazazi wa Kibokoni. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.