Usivunje Mlango, Toa Maji Kwanza

Ujumbe wa asubuhi. Masomo: Mwanzo 7:11-16, Mwanzo 8:13-19, Mathayo 18:15-17



Leo tunasema juu ya mlango uliofungwa. Tutaanza na mlango wa mashine ya kufua. Usicheke, mpendwa. Bwana alitufundisha kwa mashine hiyo jambo ambalo hatukulishika vizuri tulipokuwa tukisoma katika chuo cha Biblia.

Maternite ya kanisa letu inayo mashine moja, ile yenye mlango wa kioo cha mviringo kwa mbele. Waamini walio Ulaya walituletea. Mnajua wenyewe mashuka ya wamama wanaojifungua yalivyo, na mikono ya kufua ni michache. Basi jioni moja mashine ilikuwa imejaa maji, nguo na sabuni, umeme ukakatika. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto mchanga na kikwembe kizuri cha mama yake, kimoja tu alichokuwa nacho. Mama huyo alikuwa apande balenieri alfajiri kurudi kwao upande wa Yangambi.

Umeme ulirudi baada ya saa moja. Mashine ikanguruma, lakini maji hayakutoka, na mlango haukufunguka. Tuliuvuta, tukaugonga, na tuseme kweli, tuliuombea pia. Kijana mmoja akaleta turnevisi. Sisi wenyewe, mchungaji wenu, ndio tuliosema, "Ingiza hapo kando, kaza." Mkono wa mlango ukalia, ukapasuka ufa.

Hapo ndipo akaingia mzee mmoja fundi, mshiriki wa kanisa. Akasema, "Papa Pasta, acheni kwanza. Mlango huu haujaharibika. Unafanya kazi yake."

Akatuonyesha kwa kioo. Maji yalikuwa yamepita ukingo wa chini wa mlango. Kama tungefaulu kuufungua, yangemwagika yote sakafuni, penye waya wa umeme, na miguuni mwa wamama. Tena akatueleza kwamba pipa la ndani huzunguka mara 1000 au zaidi kwa dakika linapokamua nguo. Mkono wa mtoto ukiingia humo, unavunjika. Kwa hiyo waliotengeneza mashine waliweka kufuli la ndani. Maji yakiwa juu, au pipa likizunguka, kufuli linashika. Hata mashine ikisimama, kufuli za namna nyingi zina kipande cha chuma kinachoshika kwa joto, na lazima kipoe dakika moja, mbili, au tatu, ndipo kiachie.

Mzee hakugusa mlango. Alichomoa waya kwenye prizi. Akauliza kama maji ni ya moto, akangoja yapoe. Kisha akapiga magoti. Chini kabisa ya mashine, kwa mbele, kuna kifuniko kidogo ambacho sisi hatukuwa tumekifungua hata siku moja. Akaweka beseni, akavuta bomba dogo lililo humo, maji yakatoka polepole. Tulimwaga beseni mara nyingi. Maji yalipokwisha akazungusha chujio, akalitoa. Ndani mlikuwa na soksi moja ya mtoto, ndogo kama kidole gumba, imezungushiwa nyuzi na pini ya nywele. Hiyo tu ndiyo iliyoziba pampu.

Akasafisha, akarudisha chujio, akakaza, akachomeka waya, akaweka mashine kwenye kazi ya kukamua. Ilipokwisha, kijana akakimbilia mlango. Mzee akasema, "Ngoja ulie wenyewe." Tukakaa kimya. Baada ya dakika mbili hivi tukasikia: tki! Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Mama akapata kikwembe chake, akapanda balenieri yake alfajiri. Lakini ufa tulioutia sisi katika mkono wa mlango uko hata leo.

Haleluya. Sasa tufungue Neno.

Katika Mwanzo 7:16 tunasoma kwamba Noa alipokwisha kuingia katika safina, Bwana mwenyewe alimfungia. Ni Bwana aliyefunga, wapendwa. Si shetani. Alifunga kwa sababu ya maji. Ukihesabu tarehe zilizoandikwa, Noa alikaa ndani mwaka mmoja na siku kumi. Tena angalia sura ya 8, mstari wa 13. Siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza Noa aliondoa kifuniko cha safina, akatazama, akaona uso wa nchi umekauka. Sisi tungalitoka siku ile ile! Lakini Mungu alimwambia atoke siku ya 27 ya mwezi wa pili. Karibu miezi miwili Noa aliona udongo mkavu kwa macho yake, na bado akangoja. Aliyefunga anajua maji yaliyobaki chini, ambayo jicho halioni.

Wapendwa, sisi wa kanisa la Roho tunapenda kuamuru milango. Tunapiga kelele, "Funguka!" Na Mungu wetu anafungua kweli. Alifungua gereza la Filipi usiku wa manane. Lakini iko milango ambayo imeshika kwa sababu ndani kuna maji, na maji hayo hayatoki kwa kelele.

Tuungame mbele yenu jambo moja. Wenye neno hili wameturuhusu kulisema, bila majina. Binti mmoja wa kanisa alipata mimba nyumbani kwa baba yake, mtu anayempenda Bwana. Baba akafunga mlango, binti akalala kwa jirani. Tulifanya nini sisi? Tulimsimamisha baba mbele ya kusanyiko siku ya Mungu, tukahubiri juu ya mwana mpotevu, tukamwambia amkumbatie binti yake. Akamkumbatia. Watu wakapiga vigelegele, nasi tukafurahi sana. Baada ya majuma matatu maneno yakalipuka katika nyumba ile, mabaya kuliko ya kwanza, na binti akaondoka usiku na tumbo lake. Tulikuwa tumeingiza turnevisi. Mlango ulifunguka kwa haya, na maji yakamwagika juu ya wote.

Baada ya usiku ule wa mashine tulirudi kwa baba huyo peke yetu, bila maiki, bila wazee wa kanisa. Tuliketi uani kwake siku nyingi. Hatukumwambia afungue. Tulimwuliza tu kinachomwuma. Akasema mengi, mengine ya zamani, hata ya mama ya watoto aliyefariki. Nasi tukaendelea kumwaga beseni. Mwishoni tukafika kwenye soksi. Alisema, "Pasta, mimba ningeivumilia. Lakini niliisikia sokoni. Mtaa mzima ulijua mbele yangu. Mtoto wangu hakunambia kwa kinywa chake." Hilo ndilo lililoziba. Tulipomwambia binti, alilia, akaja mwenyewe jioni moja, akamwambia baba yake kwa kinywa chake. Hatukuwapo, na haikufaa tuwepo. Leo mjukuu anatembea katika ua ule.

Bwana Yesu alikwisha kutufundisha katika Mathayo 18:15. Ndugu akikosa, uende kwanza wewe na yeye peke yenu. Kusanyiko linakuja mwisho. Sisi tulianza na mwisho.

Lakini tusikie vizuri neno hili, kusudi mtu asilitumie vibaya. Kama mtoto yumo ndani ya mashine, vunja kioo mara hiyo, usingoje dakika mbili. Vilevile mama anayepigwa nyumbani asiambiwe, "Ngoja maji yatoke." Mtoe leo. Uhai ni mbele ya mlango. Tunasema juu ya milango mingine: ndugu wawili wasiosalimiana, mume aliyenyamaza, mtoto asiyetaka kuja tena ibadani.

Basi, ewe unayesukuma mlango uliofungwa, fanya kama mzee yule. Kwanza, chomoa waya: acha kusema wakati wa hasira. Pili, ngoja maji ya moto yapoe, kwa maana yanaunguza hata mwenye nia njema. Tatu, piga magoti, utafute chini kile kifuniko kidogo. Usafi wa nyumba huanzia pale pasipoonekana. Nne, uwe na beseni, yaani masikio yanayopokea bila kurudisha jibu. Tano, soksi ikipatikana, usiicheke kwa udogo wake. Mwisho, ngoja mlango ulie wenyewe.

Na kama ni wewe uliyefungiwa, kama Noa, usifikiri Mungu amekusahau. Huenda anasubiri nchi ikauke kwa ajili ya mguu wako.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi wachungaji kwa milango tuliyoipasua tukidhani ni imani. Ponya nyufa tulizoziacha. Tupe magoti ya kuinama, masikio ya kupokea, na uvumilivu wa kungoja sauti yako. Wafikie walio nje ya nyumba za baba zao asubuhi hii. Katika jina la Yesu. Amina.