Kidole Gumba cha Mguu Kinapopinda

Leo tutazungumza habari za miguu yetu.

Kwa watu wengine kidole gumba cha mguu huanza kuegemea vidole vingine, na ubavuni, pale kidole kinapoanzia, hutokea kinundu kigumu. Si jipu, wala si uchawi. Ni mfupa uliosogea. Wengine hurithi miguu hiyo kwa wazazi, na viatu vyembamba mbele huzidisha. Mwaka 1958 madaktari wa Hong Kong walitoa hesabu hii: katika kila watu 100 waliovaa viatu, 33 walikuwa na kidole kilichopinda, katika kila 100 wasiovaa viatu, 2 tu.

Kinundu kisichouma hakihitaji kisu. Kikiuma, kwanza vaa viatu vipana mbele. Maumivu yakizidi na kiungo kikiharibika, daktari wa mifupa aweza kukiunga. Huondoa gegedu katika ncha za mifupa miwili, huzikutanisha kidole kikiwa kimenyooka, kisha hukaza kwa skrubu. Baada ya miezi miwili au mitatu, mifupa miwili huwa mmoja.

Je, miaka ikipita hali huwaje? Wengi hutembea na kulima bila maumivu ya zamani. Kidole nacho ni vigumu kupinda tena, maana kiungo hakipo. Lakini faida hiyo ina gharama. Mahali palipoungwa hapakunjiki tena maisha yote. Mama anayechuchumaa jikoni, au mtu anayesujudu msikitini, atalihisi jambo hilo kila siku. Kwa wachache mifupa hukataa kushikana, hasa kwa wavuta sigara, na huenda wakapasuliwa tena. Tena kiungo kidogo cha mbele, karibu na ukucha, chaweza kuchakaa kwa sababu ya kazi nyingi.

Basi usimwulize daktari tu, “Maumivu yataisha?” Mweleze kazi zako, kisha uliza, “Nitachuchumaaje?” Na kama huna haraka, ngoja mavuno yaishe. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, na mguu unaopona hauwezi kupalilia uwele. Anza katika zahanati yako. Wao watakuelekeza hospitali yenye bingwa wa mifupa.

Maswali:
1. Kiatu cha namna gani huzidisha kinundu?
2. Taja faida moja na gharama moja ya kuunga kiungo.
3. Kwa nini mkulima angoje mavuno?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.