Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Akiba ya Ghalani

Sogeeni karibu na redio, kila mtu na daftari lake. Leo tutajifunza jinsi kiwanda kinavyokata shauri juu ya kiasi cha mali ya kuweka ghalani.

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo hapa Usagara, kinachotengeneza chakula cha kuku. Kinahitaji vitu vingi, lakini tutazame viwili tu: mashudu ya alizeti kutoka Singida, na dagaa wa Ziwa Victoria.

Tuseme mashudu hupatikana kila siku ya kazi. Kiwanda hutumia magunia 4 kwa siku, na tangu kuagiza mpaka lori kufika hupita siku 3. Basi magunia 12 yatatumika tukingoja. Lori laweza kuharibika njiani, kwa hiyo tuongeze akiba ya siku 2, yaani magunia 8. Jumla ni 20. Karani wa ghala aonapo yamebaki 20, na aagize siku ile ile. Hana haja ya kujaza ghala.

Dagaa wana desturi nyingine. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo, hata ukienda Mwaloni Kirumba na fedha mkononi, huenda usipate wa kutosha. Tukitumia magunia 5 kwa siku, na tuseme mbalamwezi ni siku 10, twahitaji magunia 50 mapema. Mvua nazo huzuia kuanika. Tuongeze siku 3, magunia 15. Jumla ni 65.

Mtu atauliza, “Kwa nini tusinunue magunia 200, tustarehe?” Ndugu, gunia lililolala ghalani ni fedha iliyolala, haiwezi kulipa mishahara. Tena dagaa wakipata unyevu huota ukungu, na ukungu waweza kuua kuku wa mteja. Lakini akiba ikipungua mno, mashine husimama, na vibarua hurudi nyumbani mikono mitupu. Kazi ya msimamizi ni kupita kati ya hasara hizo mbili.

Basi ulizeni mambo matatu: Twatumia kiasi gani kwa siku? Tutangoja siku ngapi? Kitu chenyewe hukaa muda gani bila kuharibika?

Zoezi: Kiwanda kikitumia magunia 6 ya mashudu kwa siku, karani aagize yakibaki mangapi? Andikeni jibu, kisha mwonyesheni mwalimu wenu. Kwaherini.