IMBWA IKIUMA MUTOTO
(Mazungumzo na wamama wa kliniki)



Leo, mbele ya kupima watoto, tuseme juu ya kidonda ambacho wengi wanakizarau: kidonda cha kuumwa na imbwa. Hapa kwetu, Butembo na Beni, imbwa zinatembea ovyo katika soko, katika njia ya masomo, hata nyuma ya jikoni. Mutoto anaivuta mukia, ao anakaribia ile yenye kunyonyesha. Inamuuma. Damu ni kidogo. Mama anapakaa majivu, anasema: itapona. Na kweli, ngozi inapona. Lakini hatari haiko katika ngozi peke yake.

Katika mate ya imbwa mugonjwa muko kijidudu cha raje, ndiyo kichaa cha imbwa. Kijidudu hiki kinafuata mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo ni mwezi moja mpaka miezi mitatu. Mara ingine juma moja, mara ingine mwaka muzima. Wakati huo wote mutoto anakula, anacheza. Kisha homa inakuja, fasi ya kidonda inawasha, anahangaika, anaogopa maji. Watu wanasema: amelogwa. Hapana, mama. Ni ile imbwa ya zamani. Na alama hizo zikiisha kuonekana, dawa ya kuponyesha haiko. Karibu wote wanakufa. Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu karibu 59 000 wanaokufa kila mwaka, na wengi kati yao ni watoto.

Sasa sikilizeni neno la furaha: ile safari inaweza kukatwa njiani. Tangu mwaka wa 1885, wakati Louis Pasteur alichanja kijana wa miaka 9 katika Ufaransa, watu wanajua kwamba mwenye kuumwa anaweza kuokolewa, kama anatunzwa mbele ya alama kuonekana.

Ufanye hivi:

1. Osha kidonda mara moja, kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Kama hauna saa, imba wimbo muzima wa kanisani mara ine, bila kukimbiza. Maji yapite juu ya kidonda wakati wote. Sabuni inaua kijidudu. Wakati wa Ebola, tangu 2018 mpaka 2020, sisi wote tulijifunza nguvu ya maji na sabuni. Kazi ni ile ile.

2. Nenda kwenye kituo cha afya siku ile ile, hata kama meno yalikwaruza tu, hata kama imbwa ililamba fasi yenye kidonda. Kama chanjo ya raje haiko pale, uliza wapi iko leo. Usirudi nyumbani kungoja.

3. Maliza sindano zote. Kuna ya siku ya kwanza, kisha siku 3 nyuma yake, siku 7 nyuma yake, na zingine kufuata karatasi utakayopewa. Wazee wanakumbuka sindano za tumbo. Siku hizi ni katika mukono, ao paja la mutoto mudogo. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wanaweza kuchanjwa bila hatari. Kama kidonda ni kikubwa, munganga atatafuta dawa ingine ya kuingiza ndani ya kidonda chenyewe. Ataangalia pia chanjo ya tetanosi.

Usipakae majivu, mafuta ya mawese wala majani. Jiwe jeusi halivuti raje. Linakula saa zako tu. Kidonda kisishonwe haraka, kisifungwe kwa kukaza.

Na imbwa? Kama inajulikana na inaweza kufungwa bila hatari, muifunge, muiangalie siku 10. Ikigonjwa ao ikikufa, mwambie munganga upesi. Lakini usingoje siku 10 ndipo upeleke mutoto. Imbwa ya nyumbani ichanjwe kila mwaka.

Najua chanjo inaomba feza, na njia ni mbali. Baba atasema: kidonda kidogo hivi, tuuze mbuzi? Mujibu kwa upole: mbuzi tutapata ingine, mutoto huyu hapana.

Neno la mwisho. Watoto wengi wanaficha kidonda kwa kuogopa fimbo. Waambie leo jioni: «Imbwa ikikuuma, njoo uniambie, sitakupiga.» Na siku atakapokuja, ushike neno lako, ukamate sabuni.

Maulizo ya kukumbuka:
– Tunaosha kidonda dakika ngapi?
– Sababu gani hatungojei alama?
– Mutoto wako anajua kwamba hautamupiga?