Kupokea Habari za Ubao wa Kazi Pasipo Kumiliki Seva

Tangu reli ilipoufikia mji huu wa Kigoma mwaka 1914, riziki ya watu wengi wa bandarini imetegemea kujua mapema ni shehena gani imeteremka stesheni, ipi imekwama forodhani, na ipi imekwisha kupakiwa kuvuka ziwa kwenda Bujumbura au Kalemie. Wakala wa leo aweza kuliacha daftari na kuzitia habari hizo katika ubao wa kazi wa Trello, ambapo kila mzigo una kadi yake, na kadi huhamishwa safu hadi safu kadiri mzigo unavyosogea. Lakini mwenye saruji aliye Bujumbura hana haja ya ubao mzima. Ataka aletewe habari ya mzigo wake, saa ile ile uliposogea.

Kazi hiyo ndiyo ya webuhuku. Badala ya programu yako kwenda kuuliza kila baada ya dakika chache kama kuna jipya, ubao wenyewe, kadi inapohamishwa, hupeleka ujumbe mfupi kwenye anwani uliyoiandikisha. Taabu yote imo katika anwani hiyo, kwani lazima pawe na mashine inayosikiliza usiku na mchana na inayofikika kutoka popote ulimwenguni.

Rai ya wengi ni kununua kompyuta na kuiweka ofisini. Siikubali, na hoja yangu si gharama. Trello ikikosa jibu hurudia mara tatu tu, baada ya sekunde 30, 60 na 120, kisha huuacha ujumbe huo. Na Kigoma, iliyoishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, yajua fika kwamba umeme ukikatika haurudi kwa hesabu ya sekunde. Fauka ya hayo, modemu za mitandao ya simu aghalabu hushiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, hata ujumbe utokao mbali usiwe na njia ya kuifikia mashine yako. Waya wa telegrafu wa Cecil Rhodes, uliokusudiwa kutoka Cape Town hadi Kairo, ulifika Ujiji ukaishia hapo. Atakaye kuimiliki njia yote peke yake ana mfano karibu na kwake.

Ninapendekeza kijiprogramu kiwekwe katika Cloudflare Workers, huduma iliyotangazwa mwaka 2017, ambayo huamka ujumbe ufikapo na kulala ikisha kujibu, na ambayo daraja lake la bure huruhusu maombi 100,000 kwa siku. Siku ya kuandikisha anwani, Trello kwanza hupeleka ombi tupu liitwalo HEAD, na lisipojibiwa kwa namba 200, yaani ya kukubali, uandikishaji hukataliwa. Wanagenzi wengi hukwama hapa, maana wameandaa jibu la POST, yaani la ombi linaloubeba ujumbe wenyewe, peke yake. Baada ya hapo kila ujumbe huja na saini kichwani, iliyokokotolewa kwa siri ya programu yako, matini ya ujumbe, na anwani iliyoandikishwa. Kijiprogramu nacho kikokotoe. Zisipolingana, ujumbe utupwe.

Yupo atakayeuliza kwa nini tusiielekeze Trello moja kwa moja kwenye Apps Script ya Google, ambayo nayo ni bure na imeungana na jedwali. Jawabu ni kwamba Apps Script haimwonyeshi mwandishi wa programu vichwa vya ujumbe, basi saini haisomeki, na yeyote aliyeipata anwani aweza kukuarifu kwamba saruji imepakiwa ilhali ingali stesheni. Ikae nyuma ya Workers, ipokee kwa neno la siri habari iliyokwisha kuhakikiwa, iiandike katika jedwali, na kumpelekea mteja baruapepe.

Maadam ujumbe mmoja waweza kuja mara mbili, namba ya tendo iliyomo katika ujumbe iandikwe jedwalini, na ikirudi isishughulikiwe tena. Majina na simu za wateja yasitiwe kadini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yahusu pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Namba ya shehena yatosha. Na kila usiku Apps Script, kwa saa iliyopangiwa, iusome ubao wote na kuulinganisha na jedwali, ili kadi ambayo ujumbe wake ulipotea mchana ijulikane kabla boti ya asubuhi haijang'oa nanga Kibirizi.