Samaki Wanne wa Usiku

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Nimeombwa nieleze safari yetu ya Unguja. Nitaieleza, lakini nitakaa zaidi kwenye soko la jioni la Forodhani. Sababu mnaijua. Alhamisi hii mkutano wa kijiji utaamua kama akina mama wanaokaanga samaki pale kivukoni kwetu waondolewe au wabaki. Wanaotaka waondolewe wanataja moshi, takataka, nzi, na hofu ya kipindupindu. Hayo si maneno ya uongo. Basi sikilizeni kwanza tuliyoyaona, halafu mkaamue wenyewe.

Tulikwenda watu saba, mwezi wa Julai, kwa fedha za kikundi. Habari za basi naziacha, maana ni kukaa tu mpaka miguu ivimbe. Kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Mwezi wa Julai upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka. Sisi watu wa ziwa tulijiona mabingwa wa maji. Hatukufika hata katikati, bingwa mmoja akaomba mfuko wa kutapikia!

Boti ina jambo moja ambalo lazima niliseme. Ukipewa tiketi, isome: jina lako, tarehe, saa ya kuondoka. Hakikisha jina ni lako kweli. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kwenye ziwa letu hili hili. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Siku ile idadi kamili ya waliopanda haikujulikana mara moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "panda tu, tutaandika baadaye," usipande.

Sasa tufike sokoni.

Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa mizigo, na jina la Forodhani limetoka huko. Ni bustani iliyo ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Mchana bustani ni ya watu kupumzika tu. Alasiri wauzaji wanaanza kufika na meza, majiko na ndoo. Vijana wa pale wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, wengine wakipinduka hewani kama nyani. Mchezo huo wanauita makachu. Jua likizama na adhana ya magharibi ikitoka, taa zinawaka, mkaa unapulizwa, na soko linaanza. Zingatieni hapo. Sisi tunafunga saa hiyo, wao ndio wanafungua.

Nao wanauza nini? Mishkaki, pweza, samaki wa kuchoma, mhogo, mikate. Kuna urojo, mchuzi mzito wenye uchachu, unaotiwa viazi, bajia na kachori. Kuna kitu wanakiita piza ya Zanzibar. Unga unasukumwa mwembamba kabisa, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa kama bahasha na kukaangwa juu ya chuma bapa. Kuna mashine ya kukamua miwa. Miwa inapitishwa pamoja na ndimu na tangawizi, na maji yake unakunywa hapo hapo. Miwa hata sisi tunayo. Tunaitafuna barabarani na kutupa makapi.

Wageni walikuwa wengi, kwa kuwa Julai na Agosti ni likizo ya kiangazi huko Ulaya. Lakini wenyeji nao walikuwepo, baba na mama na watoto, wamekuja kula na kupunga upepo.

Kijana mmoja wetu alitaka kunyoosha kidole tu: hiki, na hiki, na kile. Mama mmoja wa kikundi akamshika mkono. "Mwanangu, uliza bei kwanza." Wakauliza kila kitu, kimoja kimoja, wakajumlisha kwenye karatasi kabla sahani haijajazwa. Hesabu ya kujumlisha mliyojifunza darasani ilikuwa na kazi pale. Bei nyingi hazikuwa zimeandikwa, na hilo mimi sikulipenda. Sikupenda pia samaki waliopangwa mezani muda mrefu bila kufunikwa. Tulichagua kilichotoka motoni mbele ya macho yetu. Nawaambieni haya ili msidhani kila cha mjini ni cha kuigwa.

Sasa, soko lile halikuwa hivyo tangu zamani. Bustani ilikuwa imechakaa. Ilifanyiwa matengenezo makubwa na shirika la Aga Khan linaloshughulikia utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Walitengeneza ukuta wa bahari, njia, taa, mifereji ya maji machafu, na mahali pa wauza vyakula. Bustani ikawa safi, na wauza vyakula wakabaki ndani yake. Wapishi wengi tuliowakuta walivaa nguo nyeupe na kofia nyeupe. Ukiwa na nguo nyeupe, uchafu wako kila mtu anauona.

Mama yule yule akamuuliza mpishi mmoja, "Saa ngapi unapata faida?" Yule bwana akacheka. Akasema, "Bibi, mwanzo wa usiku ninarudisha mtaji. Faida yangu iko kwenye sahani za mwisho."

Jibu hilo tulirudi nalo kwenye boti, na mama akatoa daftari lake. Yeye hukaanga pale kivukoni kwetu. Hesabu yake ya siku moja, kwa ruhusa yake, ni hii. Samaki 20 alinunua kwa shilingi 30,000. Mafuta shilingi 6,000. Mkaa shilingi 3,000. Chumvi, ndimu na pilipili shilingi 1,000. Jumla shilingi 40,000.

Kila samaki anauza shilingi 2,500. Wakiisha wote 20, anapata shilingi 50,000. Faida ni shilingi 10,000. Lakini wakibaki wanne, ameuza 16. Mara 2,500 ni shilingi 40,000. Faida hakuna! Siku nzima ya moshi machoni, na amerudi na fedha ile ile aliyotoka nayo, na samaki wanne wa kulisha nyumbani.

Samaki wanne ndio faida yake yote. Na hao wanne nani atawanunua? Ni abiria wa kivuko cha mwisho. Wanashuka giza limeingia, wana njaa, wanapita mbele ya mama bila kumwona. Na wakimwona, hawaoni samaki wake ni wa rangi gani. Nani atakula kitu asichokiona?

Kwa hiyo mimi, kwa maoni yangu, ukimwondoa mama huyu moshi utaondoka, lakini takataka zitabaki, kwa sababu makopo na mifuko pale si vya wakaanga samaki peke yao. Nimeyaandika mambo ya kupeleka mkutanoni. Taa za sola mbili au tatu, zifungwe juu ya nguzo. Shimo la taka mbali na maji. Ndoo yenye bomba na sabuni kwa kila watu watatu wanaouza, mteja anawe kabla ya kula. Vyakula vifunikwe. Bei iandikwe kwa chaki kwenye ubao, maana sasa wanunuzi wengi hapa wanajua kusoma. Na majiko yahamie upande ambao upepo hauwapelekei abiria moshi. Hili la mwisho halina gharama hata senti.

Kuhusu fedha za taa, wanaouza ni kumi na wawili. Kila mmoja akiweka shilingi 500 kwa siku, ni shilingi 6,000. Kwa siku 30 ni shilingi 180,000. Mweka hazina aandike kila siku, na daftari likae wazi, kila mtu alisome.

Mkutano ni Alhamisi, saa nane mchana, chini ya mwembe. Mama atasoma hesabu yake yeye mwenyewe. Nimeipitia. Imeandikwa vizuri, ila kwenye mkaa kuna 300 badala ya 3,000. Mama, uniwie radhi, ongeza sifuri moja kabla ya Alhamisi.