Mavi ya Chuma Ndani ya Zege

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mhandisi serikalini, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nitaeleza mavi ya chuma. Vijana msicheke, ndilo jina lake. Wahunzi wa Upare waliyatupa kando ya matanuru yao miaka mingi kabla ya reli kufika Korogwe mwaka 1902.

Tanuru kubwa la kuyeyushia mawe ya chuma hutoa kilo 250 hadi 300 hivi za mavi kwa kila tani ya chuma. Yakipoa polepole hewani huwa magumu. Huvunjwa yakawa kokoto ya zege, na Ulaya wameitumia siku nyingi. Yakimwagiwa maji mengi yangali moto huwa kama mchanga, nao husagwa na kuchanganywa na saruji.

Lakini viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, na mavi yake ni mengine. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu juzi tu, nikasimamia ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja cha Handeni. Kokoto ilikuwa haba. Likaja lori la mawe meusi ya bure kutoka kiwandani. Nikapima ugumu wake, nikaridhika, sakafu ikamwagwa.

Baada ya masika mawili sakafu ilitoa vipele, kisha ikafura na kupasuka. Mama mkunga akaniuliza, “Mwanangu, ulitia hamira?”

Hakukosea sana. Mavi yale yana chokaa isiyozimwa. Aliyewahi kuzima chokaa anajua inavyofura ikipata maji. Ndani ya zege haina pa kwenda ila kupasua. Ugumu niliupima, chokaa sikuipima.

Siku hizi nikiletewa mawe hayo nayarundika nje yanyeshewe miezi mingi, kisha yaende maabara yapimwe kufura. Hata yakifaulu nayapeleka chini ya lami, si kwenye nguzo wala sakafu. Tena ni mazito kuliko kokoto ya kawaida. Nauli ya lori hula ubure wake wote.

Sakafu ile tuliivunja, tukaimwaga upya kwa kokoto ya Korogwe iliyogongwa kwa nyundo. Kipande chake nimekileta, kiko mezani pale karibu na kombe la mpira. Tazameni vile vidoa vyeupe.